Kambi Haikusafiri

Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Somo: Hesabu 12

Nawasalimu kutoka Njiru, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, huko ambako barabara ya Kangundo hupita kati ya machimbo ya mawe na majumba ya kupangisha yanayoongezeka kila mwaka. Mnaotujua mwatujua kwa vumbi letu wakati wa kiangazi na kwa matope yetu wakati wa mvua. Msiotujua, karibuni.

Juma hili nataka tuzungumze habari za ule wakati tulipofungiwa kwa ajili ya korona. Huenda mmoja wenu akasema, "Pasta, mambo hayo si yamepita?" Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ile hali ya dharura ya dunia nzima imekwisha. Barakoa tulizitupa, na zile ndoo za kunawia mikono langoni mwa kanisa zikarudi nyumbani kufulia nguo. Lakini kazi ya mchungaji ni kuingia katika nyumba za watu na kuketi, nami nawaambieni kweli, wako watu ambao mlango wao haujafunguliwa mpaka leo.

Kwanza tukumbushane, maana mwanadamu husahau upesi. Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na makanisa nayo. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, tangu saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Usiku ule ule wa kwanza, watu waliokuwa wakingoja feri kule Likoni, Mombasa, wapate kufika kwao kabla ya saa, walifukuzwa kwa gesi ya kutoa machozi. Siku chache zikapita, na mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akafa, akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, si mbali sana na kwetu. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, mpaka mwezi wa Julai. Tena katika mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, maelfu ya watu walibomolewa nyumba zao Kariobangi, na wengine Ruai, jirani zetu kabisa. Kuambiwa "kaa nyumbani" ni neno jepesi kwa mtu aliye na nyumba.

Sisemi haya ili nilaumu kila amri iliyotolewa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, nami nimezika watu. Hapa Kenya waliohesabiwa kufa kwa korona ni zaidi ya 5,600, na kila mchungaji ajua kwamba wako ambao hawakuhesabiwa. Nataka tu tuelewe kwamba mtu aliyepita katika mambo hayo yote hatoki vile vile alivyoingia.

Kufungiwa humfanya nini mtu? Wataalamu wengi walizungumza juu ya upweke. Katika nchi za wenzetu, ambako mzee huishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, upweke ulikuwa ni adui mkubwa. Lakini kwetu Njiru watu sita hukaa katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Baba hana kazi, mama hana soko, watoto hawana shule, na choo ni cha ploti nzima. Wengine waliumia kwa upweke, na wengine waliumia kwa kukosa hata dakika tano za upweke. Mume aliyezoea kuondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda mjengoni akakaa ndani mchana kutwa, akitazamwa na wanawe, hana shilingi. Wake wengi walipigwa katika miezi ile. Tulijua, maana kuta zetu ni nyembamba.

Mungu ameweka ndani yetu namna ya kukabili hatari. Mtu akiona nyoka, moyo hupiga haraka, damu hukimbilia miguuni, naye hukimbia. Akiisha kukimbia, mwili hutulia. Lakini korona haikuwa nyoka wa kukimbiwa. Mwili ulijiandaa kukimbia asubuhi, mchana na usiku, na pa kukimbilia hapakuwako. Mwili ukifanya hivyo juma baada ya juma huchoka. Usingizi hupotea. Chakula huwa kama majani makavu. Hasira hukaa karibu na midomo. Kazi ambayo mtu aliipenda humwia mzigo, na hata kuoga humshinda. Tena zile siku zetu zilizokuwa na sura zao, Jumatatu ya kazi, Alhamisi ya ushirika wa nyumba kwa nyumba, Jumapili ya kanisa, zote zikawa siku moja ndefu isiyo na jina. Hali hiyo ikimshika mtu kwa majuma mawili au zaidi, asiweze kuitoka, waganga huiita sonona. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uvivu, na nawasihi ndugu zangu wachungaji, tusiharakishe kusema ni pepo.

Someni siku moja habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii yule aliyeshusha moto mlimani aliketi chini ya mretemu akamwomba Mungu amwondoe uhai wake. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha, akampa tena mkate na maji. Maneno yalikuja baadaye sana, kule Horebu. Mimi nilisoma chuo cha thiolojia miaka kadhaa, nikaandika insha juu ya sura hiyo, na mkate ule sikuuona.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niombe nafasi hii redioni.

Yuko mama mmoja katika kanisa letu, mwuza mboga. Amenipa ruhusa kuyasema haya, mradi nisimtaje jina. Mwishoni mwa Aprili 2020 alipatwa na kikohozi. Jirani aliogopa, akapiga simu, na gari likaja na watu waliovaa mavazi meupe tangu kichwani mpaka miguuni. Alipokuwa akiingizwa garini, mtu fulani alimpiga picha kutoka ghorofa ya juu. Kabla ya kafyu ya jioni ile, picha ilikuwa imeingia katika makundi yote ya WhatsApp ya mtaa, na chini yake maneno ya kuwaonya watu wasile mboga zake, na hesabu ya watu ambao eti amekwisha kuwaambukiza. Hesabu hiyo ilitoka wapi? Hakuna ajuaye. Saa mbili ilikuwa watu ishirini, saa nne ilikuwa sitini.

Picha ile ilinifikia kutoka kwa watu watatu. Nami, wasikilizaji wapendwa, niliituma mbele. Niliituma kwa wazee wa kanisa, nikaandika juu yake, "Tumwombee mama yetu." Nilijiona nimefanya kazi ya uchungaji. Kumbe nilikuwa nimeivika porojo kanzu ya kasisi.

Alipimwa, akaonekana hana korona. Lakini alikuwa amekwisha kuwekwa karantini, akakaa siku zake kumi na nne. Majibu yake hayakupigwa picha, wala hayakuzunguka mtaani. Aliporudi, kibanda chake kilikaa na sukuma mpaka zikageuka rangi ya manjano. Watoto wake waliitwa watoto wa korona kwenye ngazi za ploti. Waliozoea kumkopa vitunguu walivuka barabara. Akafunga kibanda, kisha akafunga mlango, mwisho akazima simu. Nilimpigia mara mbili, sikumpata, nikasema moyoni kwamba amechoka, nitampigia juma lijalo.

Usiku mmoja mwishoni mwa Mei aliamua kwamba hataiona asubuhi. Haya aliniambia mwenyewe. Watoto walikuwa wamelala. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye si wa kanisa letu wala si wa kanisa lo lote, alibisha hodi kuomba kibiriti. Akamwona uso. Hakuuliza maneno mengi. Aliingia, akaketi kitandani, na kwa kuwa kafyu ilikuwa imekwisha kuanza na hakuna pa kwenda, akakaa pale mpaka kukapambazuka. Asubuhi alimpeleka hospitali. Alipewa dawa, akapewa na mtu wa kuzungumza naye kila juma.

Nilipopata habari nilikwenda. Nilianza kusema jinsi kanisa lilivyokuwa likimwombea. Akaniambia, "Pasta, korona sikuipata. Nilichokipata ni kile cha simu." Kisha akaiwasha simu yake akanionyesha. Ilikuwa ni ile picha, na juu yake maneno yangu mwenyewe. Mmoja wa wazee wangu alikuwa amempelekea mtu mwingine, naye mtu mwingine, mpaka ikamfikia mwenyewe. Akasema, "Nilipoyaona maneno yako, Pasta, ndipo nilipozima."

Sikuwa na la kujibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, nikafika hapa kwenye somo letu la leo.

Katika Hesabu 12 twasoma kwamba Miriamu na Haruni walimnena vibaya ndugu yao Musa. Miriamu akashikwa na ukoma, akatolewa nje ya kambi siku saba. Nataka tutembee polepole hapa, maana sura hii imetumiwa vibaya. Katika mwaka 2020 wako wahubiri waliosema kwamba kila aliyeugua alikuwa na dhambi ya siri. Lakini Haruni naye alinena, na ngozi yake ilibaki safi. Basi hata hapa, ambapo Maandiko yanasema wazi kwamba Miriamu alikosa, ugonjwa hauwezi kuwa mizani ya kupimia nani ana hatia na nani hana. Kwetu Njiru ilikuwa kinyume kabisa. Midomo ilikuwa ni yetu, na siku za kutengwa zikawa ni zake.

Tazameni tena nani aliyemwombea Miriamu. Ni Musa, yule yule aliyesengenywa. Na neno lililonishika koo ni lile la mstari wa 15, kwamba watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa kambini. Maelfu kwa maelfu ya watu, na ng'ombe zao, na watoto wao, wako njiani kwenda nchi ya ahadi, nao wakaketi siku saba jangwani wakimngoja mwanamke mmoja mwenye makosa. Yeye ndiye aliyesimama kando ya mto kumlinda Musa alipokuwa mtoto mchanga, na yeye ndiye aliyewaongoza wanawake kwa matari walipokwisha kuvuka bahari. Sheria ilimtoa nje kwa siku saba, basi. Haikuwaambia watu wamsahau.

Kutenga kwa ajili ya ugonjwa si jambo baya lenyewe. Historia ya Kanisa letu la Kianglikana ina mfano wake. Katika kijiji cha Eyam, Uingereza, tauni iliingia mwaka 1665. Kasisi wao, William Mompesson, aliwashauri watu wajifungie wenyewe kijijini, ili tauni isivuke kwenda vijiji vingine. Walikubali. Ibada walizifanya nje, bondeni, watu wamesimama mbali mbali. Wengi walikufa, na mke wa kasisi mwenyewe akafa mwaka 1666. Lakini majirani wa nje waliwaletea vyakula, wakaviweka mpakani kwenye mawe, nao wa ndani wakaacha fedha zao katika siki ili zisichukue ugonjwa. Mlango ulifungwa, na mkate ukapita.

Kwetu mlango ulifungwa, na kilichopita ni maneno. Kwa nini maneno mabaya hupita upesi hivi? Hofu haipendi kukaa peke yake. Mtu mwenye hofu akituma ujumbe huhisi amefanya jambo, amewaonya wenziwe, na kwa dakika chache moyo wake hupumzika. Tena simu haina uso. Zamani msengenyaji alihitaji kutembea mpaka kwa jirani, akatazamwa machoni, akaulizwa, "Umeona wewe mwenyewe?" Sasa hutuma akiwa kitandani. Mwezi wa Februari 2020, hata kabla ugonjwa haujafika kwetu, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuonya kwamba dunia yapigana pia na mafuriko ya habari za uongo.

Lakini hili si jipya. Katika Nehemia 6, Sanbalati alimpelekea Nehemia barua mara ya tano, na barua hii haikufungwa. Mjumbe aliishika wazi mkononi. Kwa nini wazi? Ili kila mtu njiani aisome kabla haijamfikia mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na uvumi kwamba Nehemia ataka kujifanya mfalme, na shahidi aliyetajwa ni Gashmu. Gashmu asema! Sisi nasi tuna Gashmu wetu, huitwa "imetumwa mara nyingi". Nehemia alijibu kwa ufupi kwamba hayo ni ya kubuni, akamwomba Mungu ampe nguvu mikononi, akarudi ukutani. Hakuketi usiku kucha akimjibu kila msomaji wa barua.

Kwa hiyo wewe unayechafuliwa jina kwenye simu, kanusha mara moja kwa maneno machache, kisha mpe mtu unayemwamini aishike simu hiyo kwa siku chache. Mwombe asome yeye, akuambie yaliyo ya lazima tu. Usilale nayo chini ya mto. Na wewe uliyeshika picha ya mtu mkononi, kidole chako ki karibu kutuma, jiulize kama waweza kwenda mlangoni kwake ukamsomea maneno hayo akisikia. Mimi nisingeweza.

Na yule ambaye mlango wake bado umefungwa? Usimwambie aombe zaidi. Huenda anaomba kuliko wewe. Nenda na unga, au na kibiriti. Keti. Muulize wazi kama amewahi kuwaza kuacha kuishi. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitoa. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, mfikishe hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya simu isiyolipiwa, 1199, ambako mtu huzungumza na mshauri. Wengi waliogopa kusema kwa sababu sheria yetu ya adhabu, kifungu cha 226, ilifanya kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Mwambieni jirani yenu.

Wengine huogopa jina la Mathari. Hospitali ile ilifunguliwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1910, na mahali penyewe hapo kwanza palikuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ndiyo kusema tangu mwanzo tulizoea kuuweka ugonjwa wa akili mahali pa watu wa kuepukwa. Ile kamati ya serikali juu ya afya ya akili, iliyoongozwa na Dkt. Frank Njenga, ilitoa taarifa yake Julai 2020, tukiwa bado katika kafyu, ikashauri jambo hili litangazwe kuwa dharura ya taifa. Kanisani kwangu sasa twamtaja katika maombi mgonjwa wa sonona pamoja na mgonjwa wa sukari, kwa sauti ile ile, akitaka kutajwa.

Nimalizie habari ya mama yetu. Mwezi wa Julai 2020 makanisa yaliruhusiwa kufunguliwa, watu wasizidi 100, ibada isizidi muda wa saa moja, wala wasiingie walio chini ya miaka 13 au walio juu ya miaka 58. Nilisimama langoni mwenyewe, nikawarudisha wazee walionibatizia waumini kabla sijazaliwa. Siku hiyo sitaisahau.

Katika juma la mwisho la mwezi ule nilikwenda tena kwa mama yule, nikaomba msamaha mbele ya jirani yake wa kibiriti. Kisha nikawaandikia wazee wote niliowatumia ile picha, nikasema nilikosa, na kila mmoja alifuate neno lake lilikokwenda. Mama akasema labda atakuja Jumapili. Hakuahidi.

Jumapili ilipofika tulikuwa 98. Saa ya kuanza ikafika, dakika zetu zikaanza kuhesabiwa, na viti viwili vilikuwa vitupu. Mzee wa kanisa aliniashiria kwamba tunachelewa, kwamba askari waweza kuja. Nikamwambia tungoje. Tukangoja, barakoa usoni, hakuna aliyeimba wala aliyesema. Dakika kumi na mbili zilipita. Ndipo tukawaona wakipanda kutoka barabarani, yeye na jirani yake, wamevaa leso mpya. Wakanawa mikono kwenye ndoo, wakapimwa joto, wakaingia wakaketi. Nikatangaza wimbo wa kwanza.